Zile Nne za Mwanzo wa Namba

Nakumbuka siku moja ya mvua, bonde la Jangwani limejaa maji, nami nimepanga foleni benki na barua ya mdogo wangu Protasi mkononi. Mwanangu, wakati huo mimi Felista nilikuwa binti wa duka la vifungo na zipu Kariakoo, na kichwa changu kilipenda kusafiri bila mimi. Milango ya biashara huria ilikuwa imefunguliwa, benki mpya zinaota kila kona, na Protasi alikuwa amepata chuo cha ufundi wa mitambo Ujerumani, ameshatangulia huko. Ada ilitakiwa ifike kabla ya mwezi kuisha, la sivyo nafasi yake angepewa mwingine.

Aliniandikia namba ya akaunti yake ya huko, ndefu ajabu: herufi mbili, tarakimu mbili, kisha msururu mrefu. Zile nne za mwanzo niliziona pambo tu, nikaziacha. Zilizobaki nilizinakili huku namuwaza anavyotembea kwenye theluji, na hapo katikati tarakimu moja ikanipotea, nikaweka nyingine. Sikuwa na hofu. Kwetu mzigo ulifika Moshi kwa jina tu. Kondakta aliuliza, watu wakamwelekeza. Basi nikaiona pesa yangu inashuka stesheni ya kule, inauliza, "Protasi wa Mama Felista anakaa wapi?" na Wazungu wanaionyesha njia kwa upole. Ilikuwa ndoto tamu, sikatai. Karani, naye mgeni wa mambo hayo, akagonga muhuri.

Mwezi ukaisha, Protasi hajaona kitu. Nikapeleka nakala ya fomu pamoja na ile barua yake kwa jirani yetu wa duka, Mzee Jayanti wa Upanga, aliyeagiza vitambaa nje tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizi nne za mwanzo umeziacha wapi, binti?"

"Kwani jina si nimeandika lote?"

Akavua miwani. "Jina lake mnalijua nyinyi. Kule mashine inasoma namba. Herufi mbili ni nchi. Tarakimu mbili zinazofuata ni mlinzi, zimepigiwa hesabu kutokana na zile nyingine zote. Ukikosea moja, hesabu inakataa, pesa haitoki hapa. Wewe mlinzi umemwacha nyumbani, na hapa katikati tarakimu moja si yake, pesa ikaondoka bila wa kuizuia."

Pesa ilirudi, imeshakatwa makato. Nafasi haikurudi. Protasi alirudi nyumbani akakaa nami dukani, na mpaka leo anatengeneza cherehani za majirani bila kudai kitu. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi, mwanangu, ukituma pesa ng'ambo andika namba yote, tangu herufi ya kwanza. Msomee mtu mwingine kwa sauti, naye afuatishe kwenye karatasi. Tarakimu iliyofifia usiikisie, muulize mwenyewe. Ndoto zako ziote, ila ukishatoka benki. Mungu akubariki, na unachokituma kwa upendo kimfikie uliyemkusudia angali anakihitaji.