Asubuhi Hawakupima

Nakumbuka siku moja nilisikia nyundo kabla sijauona mkono ulioishika. Ukungu wa asubuhi ulikuwa ukisukumwa na upepo juu ya Munigi, kando ya mji wetu, na kutoka chini, ndani ya bonde dogo la mawe meusi ya volkano, sauti ilipanda: ko, ko, ko. Nikashuka polepole. Ndipo nilipomwona shangazi yangu Furaha, kikwembe amekikaza kiunoni, akipigilia nguzo ya kibanda katikati ya mteremko, watoto wake wakimshikia bashi, lile turubai wanalopewa waliokimbia vita.

Nimeikumbuka leo, mwanangu, kwa sababu umeingia hapa na hasira, unaniambia wamefuta maandishi yako katika ile kamusi elezo ya mtandaoni, nawe unajua ulichokiandika. Keti. Mimi pia nilipita njia hiyo, kabla mvi hazijanijua.

Shangazi alikuwa ametoka Kalengera kwa miguu, waasi nyuma yake. Mimi nilikuwa mwanafunzi hapa Goma, na bonde lile nililijua. Ndimo yanamokaa mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini bila rangi wala harufu, ikajikusanya mabondeni. Inaua mbuzi. Inaua mtoto aliyeinama kuokota mpira.

"Shangazi, toka huko!"

"Niende wapi? Kule juu mawe inakata miguu, na upepo inabeba bashi. Président alisema hapa katikati iko muzuri. Chini kabisa njo kubaya."

Président ndiye Muzee Bahati, aliyechaguliwa na wakimbizi kuwa kiongozi wa kambi. Alinionyesha simu yake. Ulikuwa ukurasa wa kamusi hiyo hiyo yako, ambayo kila mtu anaweza kuiandika, nao ulisema kwamba mazuku hayapiti goti la mtu mzima.

"Iko imeandikwa," akasema. "Na shangazi yako, kupima kutoka chini ya bonde, iko juu ya goti mara nyingi."

Nikakimbia kumleta Papa Anselme, mwalimu wangu wa jiolojia, aliyeipima hewa ile kwa miaka tangu siku lava ilipoupasua mji wetu. Alimweleza Muzee Bahati kwamba asubuhi isiyo na upepo mazuku hupanda mteremko hadi kifuani pa mtu aliyesimama katikati yake. Vipimo vyake vilikuwa havijachapishwa bado. Vita vilifika kabla ya karatasi.

Muzee Bahati alimsikiliza kwa heshima, mikono mgongoni.

"Professeur, nakuheshimu. Lakini juzi mutu mungine alikuja hapa na koti ya muzuri kuliko yako. Akatuambia tukimbie, waasi wanakuja. Tukakimbia. Kurudi, tunakuta amebeba bashi zetu. Hii ya telefone, angalau watu wengi waliiangalia."

Papa Anselme alilitazama koti lake, akacheka. "Kwa koti umenishinda, Muzee."

Mimi sikucheka. Nilipanda pikipiki hadi mtaa wa Birere, kwenye duka la intaneti, Papa Anselme akinifuata kwa pikipiki nyingine. Nikaifuta sentensi ya goti, nikaandika ya kifua. Mara mhariri mmoja aliyejiita Kipepeo akairudisha ile ya kwanza, akaniandikia: "Tafadhali weka chanzo kilichochapishwa." Nikafuta tena. Akarudisha tena. Ndipo nilipoandika katika ukurasa wa majadiliano maneno ambayo sitayarudia mbele yako, lililokuwa safi kuliko yote lilikuwa: "Njoo ulale bondeni wewe mwenyewe!"

Kipepeo akajibu kwa upole, na upole ule uliniwasha kuliko tusi: "Dada, huenda unasema kweli. Lakini mimi nitajuaje?"

"Ona, Papa! Mutu hajui Munigi, hajui volkano, na anakukatalia weye!"

Papa Anselme alivuta kigoda akakaa karibu yangu.

"Mutoto yangu, acha kelele. Ule mutu anauliza swali ya muzuri. Mimi nikisahihisha kazi yako, siulizi vilevile? 'Ulitoa wapi hii?' Na weye unanuna wiki nzima."

"Lakini weye unajua!"

"Mimi najua. Yeye atajua namna gani? Kesho mwongo anakuja, naye anasema 'najua', tena kwa sauti ya kunipita. Utamufungia na nini?" Akasogeza kidole hadi kwenye kioo. "Usiombe sheria iniamini mimi. Uliza hii ya goti: na yenyewe ilitoka wapi?"

Mwanangu, mikono yangu ilisimama. Tangu asubuhi nilikuwa nikiligonga lango kwa ajili ya sentensi yetu, na sikuwahi kumuuliza yule aliyekwisha kuketi ndani aliingiaje. Kuuliza si ujinga, tunasema, kisha tunawauliza wageni tu.

Marejeo ya sentensi ile yalielekeza kwenye kitabu cha Kifaransa kilichokuwa katika maktaba ya chuo chetu. Tukaenda, tukakifungua. Waandishi walisema kweli, na walisema kwa uangalifu: walipima mchana mmoja, upepo ukivuma, na siku hiyo hewa haikupita goti. Mstari uliofuata ulisema kwamba asubuhi hawakupima. Mtu aliyeinakili habari alichukua goti, akauacha mchana, akauacha upepo, akaiacha asubuhi.

Hatukuandika hata neno moja la Papa Anselme. Tuliandika lile la kitabu, lote, pamoja na namba ya ukurasa. Mhariri mwingine, wa mbali, aliyekuwa na kitabu hicho nyumbani, akathibitisha. Kipepeo akaandika: "Asante, dada. Sentensi hii imekaa hapa siku nyingi na hakuna aliyeiuliza, hata mimi." Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jua lilikuwa bado juu tuliporudi Munigi. Muzee Bahati alisoma kwa sauti, polepole, watu wakimzunguka. Alipofika mwisho aliinua kichwa.

"Asubuhi hawakupima?"

"Hawakupima," akasema Papa Anselme. Na hapa ndipo ninapomheshimu hadi leo: hakuongeza neno.

Muzee Bahati aliutazama mteremko, vibanda vya siku ile vimejipanga, watoto wakicheza kati ya nguzo. "Siwezi kulaza watoto mahali asubuhi yake hakuna mutu anaijua. Mama Furaha! Ngoa nguzo."

"Ngoa, simika, ngoa, simika!" Shangazi alipaza sauti. "Si mungesoma muzuri mbele ya mimi kuumiza vidole?"

Lakini aling'oa. Jioni vibanda vyote vilikuwa juu, kwenye mawe makali, bashi zikipigwa na upepo. Shangazi alinitukana kwa ajili ya upepo ule mpaka vita vilipopoa akarudi kwake, na kila tusi lilikuwa tamu masikioni mwangu.

Kesho yake, mwanangu, hapakuwa na mtu bondeni wa kutuambia kama Papa Anselme alikuwa sahihi. Sijawahi kuipenda siku isiyo na jibu kama nilivyoipenda ile. Baadaye vipimo vyake vilichapishwa katika jarida la chuo, na aliyeiingiza sentensi ya kifua katika ukurasa alikuwa Kipepeo, bila kuombwa na mtu.

Basi shika hili. Ukijua jambo, usitake watu wakuamini kwa sababu ya jina lako au machozi yako. Wachimbie njia ambayo wataweza kuipita hata wewe usipokuwepo. Katika nchi iliyofukuzwa na uvumi mara nyingi kama yetu, anayekuuliza "ulitoa wapi?" si adui yako. Na siku utakapokuwa wewe mlinzi wa kurasa, usiwe mbwa anayembwekea mgeni na kulala miguuni pa mwizi aliyezoeleka. Waulize wote sawa. Na pale usipojua, andika kwamba hujui, kwa herufi zilezile kubwa.

Futa uso. Rudi ukamjibu mhariri wako kwa heshima, na umwombe muda wa kutafuta chanzo. Mungu akupe subira ya jiwe na moyo wa moto, maneno yako yaishi kuliko hasira yako, na wasiokujua walale salama kwa sababu yako. Haya, nenda. Mlango wangu ni mzito, uvute kwa nguvu.

Eh. Hivyo.