Rejeta ya Oili na Mgongo wa Mkono

Baba alikubali kuhamia Mikumi kwa sharti moja: apelekwe na gari lake mwenyewe, na gari hilo lithibitishe kwamba linaweza kumrudisha Kilosa siku yoyote atakayotaka. Alikuwa ameshaanguka bafuni mara mbili, yuko peke yake ndani ya nyumba, na kaka yangu anayeishi Mikumi alikuwa amechoka kupigiwa simu na majirani. Mimi nakaa hapahapa Kilosa, lakini mashine yangu ya kusaga nafaka inanishika toka asubuhi hadi jioni. Kaka ana mke, ana watoto, na nyumba yake haina ngazi hata moja. Kila mtu aliliona jibu isipokuwa baba.

"Nitakwenda," alisema. "Ila gari likichemka njiani, nageuza. Gari lisiloweza kunifikisha haliwezi kunirudisha, na mimi siendi mahali nisipoweza kurudi."

Sasa, gari lenyewe. Ni la spoti, la zamani, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba kushuka unaanza kwa kutoa mguu mmoja na kuomba msaada. Mzungu mmoja wa mashamba ya miwa upande wa Kidodi alilitelekeza alipofungasha virago, baba akalichukua, na mama, Mungu amrehemu, hakulisamehe mpaka anaingia kaburini. Kwenye tambarare halina neno. Likianza kupanda vilima vya njia ya Mikumi, sindano ya geji ya presha ya oili inashuka polepole, kwa sababu oili ikizidi joto inakuwa nyepesi kama maji, haishiki vyuma tena. Mara ya mwisho tulirudi nyumbani tukivutwa na trekta, watoto wa shule wakitupungia mikono.

Fundi wetu aliinamia injini, akasema dawa yake ni rejeta ya oili. Nikamuuliza ni kitu gani. Akasema ni rejeta ndogo inayofungwa mbele kabisa, nyuma ya ule wavu wa shoo, pale upepo unapoingilia. Oili inatoka kwenye injini ikiwa ya moto, inapita humo, inapigwa na upepo, inarudi imepoa.

"Na joto linakwenda wapi?" nikauliza.

"Linakwenda," akasema.

Majibu ya namna hiyo yananikera. Nimekaa na mashine ya kusaga miaka mingi, najua unga unatoka wa moto hata kama mahindi yameingia baridi, na kila siku najiuliza moto ule ulikuwa wapi kabla. Kwa hiyo nilimwambia fundi achomelee vishikio tu, kazi nyingine nitafanya mwenyewe nikiwa natazama kila kitu kinakokwenda. Alicheka. Akanipa spana zake na onyo kwamba nikivua uzi wa nati nisimlilie.

Rejeta yenyewe ilitoka Morogoro, imevuliwa kwenye gari jingine, ukubwa wake kama trei ya chai. Ilikaa juu ya meza yetu ya barazani majuma kadhaa nikisubiri mipira ya kupitisha oili na kile kipande cha chuma kinachokaa chini ya filta ili oili ipate njia ya kutokea. Kilosa ukiacha tundu lolote wazi, nyigu wanajenga nyumba ya udongo humo. Baba anawajua. Alichukua gunzi la muhindi, akachonga vizibo viwili, akaziba midomo ya rejeta, akavigonga kwa nyundo vikaingia sawasawa.

Kufunga kulinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Nilipima njia ya mipira kwa kamba ya katani, nikiipitisha mbali na feni na mbali na bomba la moshi, nikaacha ulegevu kidogo kwa sababu injini ikiwaka inajitikisa. Chini ya vishikio nikaweka vipande vya tyubu ya baiskeli ili chuma kisisuguane na chuma. Rejeta ikakaa mbele ya rejeta kubwa ya maji, katikati kukiwa na nafasi ya vidole. Nilivuta vizibo vya gunzi kwa koleo, nikafunga mipira, nikakaza. Nilijiona fundi mkuu.

Tukaenda kuijaribu hadi Kimamba, barabara iliyonyooka, baba pembeni yangu amevaa kofia. Tulipofika alitaka nifungue boneti.

Hapa lazima niseme baba alikuwa nani. Alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Treni ikisimama Kilosa, alitembea kuanzia kichwa hadi mkia akigusa maboksi ya ekseli, yale yanayobeba magurudumu, na aligusa kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Kiganja, alituambia, kina sugu, kinadanganya. Boksi la baridi, treni iende. Boksi la moto, behewa litolewe kabla halijaua watu. Mpaka leo anagusa hivyo sufuria, redio, na paji la uso la mtoto mwenye homa.

Akainama, akaweka mgongo wa mkono kwenye rejeta ya oili. Akatulia. Uso ukamkunjuka.

"Baridi," alisema. "Baridi kabisa. Mwanangu, umeweza."

Sikumbuki mara ya mwisho aliponisifu hivyo. Tulinunua miwa tukatafuna tumeegemea gari, na usiku ule akampigia kaka simu kwamba wamwandalie chumba. Mimi nilifurahi pamoja naye, ila kuna kitu kilinikwaruza, na sikujua ni nini.

Asubuhi ya safari tuliweka begi lake, redio yake na kiti chake cha kukunja, tukaondoka. Vilima vilipoanza, sindano ikaanza kushuka kama zamani. Baba aliiona. Alivua kofia akaiweka magotini. Nikasimamisha gari pembeni, nikafungua boneti. Injini ilikuwa inatoa joto la kukausha macho. Nikagusa rejeta ya oili, nikamtangazia baba: Baridi.

"Hiyo nzuri," baba alisema kutoka ndani ya gari. "Ubovu uko kwingine. Geuza, turudi."

Nilibaki nimesimama na mkono juu ya kile chuma cha baridi, nikiwa na hasira ya mtu anayejua ameonewa na hajui nani amemwonea. Baba alijimiminia chai ya chupa. Ilikuwa ya moto, kwa hiyo akafanya anavyofanya siku zote: akaimimina kidogo kwenye kisosi ipoe. Nikamtazama.

"Baba, kisosi ni cha moto au cha baridi?"

"Swali gani hilo? Cha moto. Chai si imo ndani?"

"Na kingekuwa cha baridi?"

"Kingekuwa hakijamiminiwa ki..." Akaangalia kisosi, kisha akaangalia mbele ya gari. Kuna sauti hutoa anapofikiri, kama mtu anayesafisha koo, akaitoa. "Kwa hiyo ile ikiwa baridi..."

"Oili haifiki, baba."

Maisha yake yote baridi ilikuwa habari njema. Nilimwona akiigeuzageuza ile habari mpya kichwani, na wala hakuonekana kushindwa, alionekana kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba aliyoizoea. Akashuka mwenyewe, bila kunisubiri.

Tuliacha injini ipoe, tukafungua mipira. Mdomo mmoja ulikuwa wazi. Kwenye ule wa pili, ndani kidogo, kulikuwa na kipande cha gunzi. Nilipovuta kizibo kilikuwa kimekatika, kichwa kikanifuata na kiuno kikabaki. Oili, ikikosa njia, ilikuwa inapita mkato palepale chini ya filta na kurudi kwenye injini ileile ya moto.

"Nimekipiga sana nyundo," baba alisema.

"Na mimi sikuchungulia."

Tulicheka hadi mchungaji mmoja aliyepita na ng'ombe wake akasimama kututazama. Tulikitoa kwa waya, tukageuza gari tukateremka taratibu hadi kwa fundi, akaisafisha rejeta kwa dizeli na kubadilisha oili na filta. Siku chache baadaye tukaondoka tena.

Safari ile nilikuwa natazama sindano kuliko barabara. Tulipanda, ikatikisika, ikasimama. Tukapanda tena, ikasimama palepale. Nilikuwa na furaha ya kitoto, nikimweleza baba jinsi joto linavyotoka kwenye oili kwenda kwenye chuma, kutoka kwenye chuma kwenda kwenye upepo, na upepo unavyokwenda nalo huko porini. Yeye alikuwa anatazama dirishani.

Mikumi, kaka na mkewe walikuwa wanatusubiri barazani. Baba hakuwasalimu kwanza. Alinionyesha boneti, nikafungua, akanyoosha mgongo wa mkono akaugusisha kwenye rejeta, akaurudisha haraka.

"Inaunguza!" alisema kwa sauti ya mtu aliyepokea mjukuu. Akaupuliza mkono. Halafu akanitazama, na ile furaha ikatulia usoni pake. "Haya, mwanangu. Shusha begi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakitengeneza majuma yote yale. Nilikuwa nimeuliza kila swali kuhusu joto, na sikuwahi kujiuliza nani atakaa kwenye kiti cha pembeni wakati wa kurudi. Nilishusha begi, redio na kiti cha kukunja, nikala, nikaaga.

Nikirudi peke yangu, kwenye vilima nilisimama bila sababu, nikafungua boneti. Simu ikaita.

"Umeshagusa?" baba aliuliza.

"Nagusa sasa hivi."

"Inaunguza?"

"Inaunguza, baba."

"Basi Jumapili njoo unichukue," alisema. "Nimekaa vya kutosha."