Kipima Unyevu na Jina la Nyakato

Siku yangu ya kwanza kazini pale Kayanga, Mkuu wa Masoko alinikabidhi karatasi yenye majina ishirini ya wakulima, na kifaa ambacho hakikuwa na jina. Kampuni yetu ndogo ilikuwa imetengeneza kipima unyevu: unamwaga buni za kahawa ndani yake, nacho kinakuambia kama zimekauka. Kabla yake mnunuzi aling'ata buni moja, akakunja uso, akasema mbichi, na mkulima akarudi nyumbani na kahawa yake.

Nyinyi vijana mnadhani majina ya bidhaa huokotwa njiani. Mkuu wangu yule, mkali kama pilipili lakini fundi hasa, alinionyesha kazi. Kifaa hupewa kwanza jina la kazi, la kutumia ofisini tu. Kisha huachwa majumbani juma zima bila jina, ndipo turudi kusikiliza wenyewe wanakiitaje. Jina likipatikana, hupekuliwa kwa msajili wa alama za biashara, lisije likawa la mwingine.

"Usiwaulize wanapenda jina gani," aliniambia. "Watakujibu kwa adabu tu. Waombe wakuletee kifaa, halafu nyamaza."

Nikaviacha vifaa kwa wakulima wale; juma lilipokwisha nikazunguka Bugene na Rugera, nikaishia Nyakakika kwa bibi mmoja mjane. Nikamwamkia, nikaomba kile kifaa.

"Mletee mgeni yule shahidi," akamwambia binti yake.

Bibi alikuwa amekitumia mbele ya mnunuzi, na mnunuzi akapokea kahawa bila kung'ata kitu. Kwa majirani zake nako kiliitwa shahidi.

Nilirudi ofisini na jina hilo. Mkurugenzi, mwenye kampuni, alikwisha kuchagua Nyakato, jina la marehemu mama yake, na maboksi yalikwisha chapishwa. Mimi nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio. Nilimweleza Mkurugenzi yote, akachukua boksi moja akalisoma.

"Unajua, Mama Anitha, mama yangu alirudishwa nyumbani na kahawa yake mara nyingi," akaniambia. "Alihitaji shahidi kuliko anavyohitaji kukumbukwa. Andikeni hilo."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi baada yake, sijaona mwingine wa namna ile.

Sasa nimestaafu, nina migomba na kahawa kidogo hapa Bugene. Juzi mnunuzi kijana alichukua buni mkekani kwangu, akaipeleka mdomoni. Jirani yangu akamwambia kwa upole asubiri, shahidi analetwa. Kijana akairudisha. Nilitamani sana Nyakato angeiona buni ile ikirudi mkekani.