Leso ya Shangazi na Sanduku la Jasho

Miaka ile ya tisini, msimu wa mpunga ukifika, nusu ya mtaa wetu wa Viwanja Sitini ilihamia ng'ambo ya mto. Watu waliishi kwenye madungu, vibanda vya miguu mirefu, wakifukuza ndege mpaka mavuno. Homa ikikukuta huko, hospitali ni mbali.

Ndipo akaja mtaani bwana mmoja, tukamwita Mtaalamu. Alikuwa na sanduku la kupimia malaria; halikutaka damu, lilitaka jasho. Ikiwaka taa nyekundu, malaria; kijani, mzima. Walioko shamba wakawa wanatuma leso walizojifutia, zimefungwa fundo, na mpelekaji nilikuwa mimi na baiskeli yangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu, lakini Mtaalamu alinivika koti jeupe. Jamani, koti lile! Nilijiona daktari kabisa. Haikupita muda wakaja wateja hata kutoka mbali kule Lupiro, naye akafungua chumba cha pili cha kupimia.

Siku moja shangazi, aliyenilea, alinikabidhi leso yake kule dunguni huku anatetemeka kwa homa.

"Wahi, mwanangu. Usisimame na wasichana wa kivukoni."

"Shangazi, mimi nina wasichana gani?"

"Huna. Ndiyo maana unasimama."

Kivukoni leso ikaniponyoka, ikatumbukia mtoni. Niliiopoa chepechepe, nikaikamua, nikaipeleka hivyo hivyo kwa aibu. Mtaalamu akaiweka sandukuni. Kijani.

"Mzima huyo. Apunguze jua."

Nilitamani kuamini. Nikashindwa. "Mtaalamu, hayo ni maji ya mto."

"Basi mto hauna malaria," akasema. Benchi zima la wateja likacheka, nami karibu nicheke.

Nikageuza baiskeli, nikavuka tena mpaka dunguni. Nilimfunga shangazi mgongoni kwangu kwa kanga asidondoke, nikakanyaga pedali mpaka hospitali. Wakamtoboa kidole: malaria, tena kali. Alilazwa siku nyingi, akapona.

Daktari alitoa taarifa polisi, nao waliponiita nilieleza yote, hata leso kuanguka. Walifungua sanduku: betri, balbu mbili, na swichi ya kubonyeza kwa goti. Mtaalamu alifungwa. Akipandishwa garini alinipungia mkono, akasema, "Koti baki nalo, kijana."

Nililia. Alikuwa mwongo, lakini hakuna mwingine aliyewahi kunivika koti.

Shangazi alilikata, akanishonea leso sita. "Hizi," akasema, "hupeleki kwa mtu."