Karani wa Miche

Karani wa kikundi chetu hupita asubuhi na simu ya wote, ile yenye kioo kilichopasuka, akipiga picha miche tuliyopanda ili simu ipime upi uko hai na upi umekufa. Mche wako ukiwa hai, kikundi kinakukopesha. Hutembea polepole kama mtu aliye ndotoni, na kila mche huusalimu: "Umeamkaje, mwanangu?" Kisha hungoja, kana kwamba utamjibu. Leo, kwa jirani yangu mshona nguo, simu iliyatazama majani makavu ikaandika: umekufa.

"Basi mkopo wangu umeota mbawa," jirani akasema.

Karani akapiga magoti, akakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na ubichi wa kijani. Akalifuta neno la simu.

"Simu haina kucha, dada," akanong'ona. "Niletee maji."