Ujumbe Kati ya Shikamoo na Marahaba

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa mitambo katika bohari moja ya mafuta Changamwe, mwanamke peke yangu karakana nzima, na mkaidi kupita kiasi. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa mpimaji hapo hapo. Kazi yake ilikuwa kupanda ngazi ya tangi, kufungua kifuniko cha juu na kuteremsha utepe wa kupimia kimo cha mafuta. Masika moja aliteleza akaning'inia kwa mkono mmoja. Alipofika chini akanisihi nisimwambie mama. Sikumwambia, lakini niliapa moyoni kwamba lazima aachane na ngazi ile.

Kampuni ilikuwa imenunua visanduku vya kufunga kwenye matangi. Kila kimoja kilikuwa na boya lake juu ya mafuta, betri, na redio ndogo ya kutuma kimo hadi chumba cha pampu. Kwa ubahili, meneja alikataa kulipia masafa ya pili, basi visanduku vikatumia masafa yale yale ya redio za walinzi. Ujumbe ukawa haufiki. Meneja akasema meli ijayo ya mafuta ndiyo mwisho wa visanduku: vikishindwa vitang'olewa, na wapimaji wataendelea kupanda.

Nilishinda nikiisikiliza redio, na sababu nikaipata. Mlinzi wa lango la juu alikuwa akimwita mwenzake wa lango la chini.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Alhamdulillahi. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, ila bibi yenu ana mafua."

Walipoyamaliza mafua ndipo lori likatajwa. Muda huo wote visanduku vilikuwa vikipayuka juu ya sauti zao, kila kimoja na ujumbe mrefu kama hotuba ya harusi: jina la kampuni, jina la tangi, tarehe, saa, joto, na kimo mwisho kabisa.

Meneja akapiga marufuku salamu redioni. Amri yake haikufika chai ya saa nne. Mlinzi wa lango la juu alinijia amenuna. "Mwanangu, nimwite mtu bila kumwamkia, kwani mimi mbuzi?" Nilimwelewa. Hata mimi, mjomba akiniita, siwezi kumuuliza anataka nini kabla ya kuitika abee.

Basi nikaamua kisanduku ndicho kijifunze adabu. Nilifuta maagizo yake yote nikayaandika upya. Kitume namba ya tangi na kimo, basi, tena kimo kikibadilika tu. Kabla ya kusema kisikilize, na mtu akizungumza kingoje. Kikishasema kisubiri chumba cha pampu kiitike, na kisipoitikiwa kirudie. Pasipo na jipya, mara moja moja kiseme tu kwamba kipo, tusije tukaona kimya tukadhani salama kumbe betri imekufa. Nilipunguza na kupunguza hadi ujumbe ukaenea katika pumzi ile kati ya shikamoo na marahaba. Mwenzangu wa karakana akanicheka kwamba nimelipeleka bati unyagoni. Nikamwambia angoje meli.

Meli ikaja na mvua. Mjomba alisimama chini ya ngazi, utepe begani, kwa amri ya meneja. Walinzi walisalimiana kama kawaida yao, na katikati ya salamu namba zikawa zinaingia chumba cha pampu, nilikokuwa. Tangi lilipokaribia kujaa, ujumbe mmoja ulipotea. Kisanduku hakikuitikiwa, kikarudia, ukaingia, nasi tukafunga vali mapema.

Meneja hakuridhika. Alitaka namba ile ithibitishwe kwa utepe, tukatoka hadi kwenye ngazi. Mjomba akashika ngazi, nami nikamvua utepe begani nikapanda mwenyewe. Chuma kilikuwa kinateleza, upepo ukinivuta shati. Nilipima. Kimo kilikuwa kile kile.

Niliteremka nikitetemeka. Meneja akasema visanduku vibaki, na wapimaji wapewe kazi za huku chini, wasipande tena, kisha akaenda zake.

Mjomba alikaa juu ya bomba, akaniangalia mikono.

"Umeogopa?"

"Sana, mjomba."

"Mimi pia," akasema. "Wallahi, kila siku niliyopanda."