Wala Asibipu

Hakimu alikuwa mama wa makamo, na kila aliposikia uongo alivua miwani akaifuta polepole kwa ncha ya kitenge. Tereza alimpenda kwa hilo tu. Amri ya kwanza ilimkataza mumewe kukanyaga kwake Miyuji. Hakukanyaga, ila alimpigia simu usiku kucha na kumtumia vitisho, mpaka Tereza akarudi mahakamani.

“Mheshimiwa, mimi naishi mbali, Kibaigwa. Sijamkaribia,” mume alijitetea.

Miwani ikavuliwa. “Baba, sauti yako inalala chumbani kwake,” hakimu alisema, kwa upole wa anayebembeleza mtoto. “Wewe unabaki wapi?”

Watu wakacheka. Akaandika amri upya: asifike, asipige, asitume ujumbe, wala asibipu. Nje, Tereza akawasha simu aliyokuwa akiizima kwa hofu, akampigia mama yake, wakapiga soga mpaka salio likaisha.